Msimu wa Kriketi Shuleni: Kila Mvulana Apate Zamu Yake

1. Utangulizi

Mwalimu anayetoka chuoni na kuripoti katika shule ya msingi hukabidhiwa mambo mawili: vipindi vya darasani na mchezo mmojawapo wa kusimamia. Vipindi huviandalia azimio la kazi na andalio la somo. Mchezo, mara nyingi, hauandalii kitu. Huchukua mpira, huchagua wavulana hodari, huwapeleka kiwanjani, na jioni huuliza swali moja tu: tumeshinda au tumeshindwa?

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba msimu wa michezo ni mfululizo wa masomo, na kwamba hauna budi kupangwa kama masomo mengine yanavyopangwa. Mchezo uliochaguliwa kuwa mfano ni kriketi ya timu za wavulana, kwa sababu mbili. Kwanza, kriketi ina desturi ya kuandika karibu kila tendo la kila mchezaji, hata mwalimu akitaka kujua baada ya miaka mingi mtoto fulani alifanya nini siku fulani, anaweza kujua. Pili, kriketi ni mchezo unaoweza kumwacha mtoto bila kazi siku nzima. Katika kandanda wachezaji wote hukimbia pamoja. Katika kriketi wapigaji wawili huwa uwanjani huku wenzao tisa wamekaa pembeni wakingoja. Mwalimu asipoangalia, mtoto aweza kuhesabiwa kuwa mchezaji wa timu mwaka mzima bila kugusa gongo.

Mchezo wenyewe si mgeni katika nchi zetu. Mwaka 1975 timu ya pamoja ya Afrika Mashariki ilishiriki katika Kombe la Dunia la kwanza, ikiwa na wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe hilo. Mwaka 2024 Uganda ilishiriki Kombe la Dunia la michezo ya ova 20, na mwaka 2025 vijana wa Tanzania wasiozidi umri wa miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza kushiriki Kombe la Dunia la rika lao la mwaka 2026. Hata hivyo mifano tutakayoichambua hapa imetoka Uingereza na India, kwa kuwa huko ndiko zilikochezwa zile mechi tatu za wavulana wa shule zinazotajwa kuliko zote, na kumbukumbu zake zipo.

2. Maneno ya mchezo

Ili tuelewane, yafaa kwanza tueleze maneno machache.

(a) Wiketi ni vijiti vitatu vilivyosimamishwa ardhini, na juu yake vipande viwili vidogo vya mti. Wiketi ziko mbili, zikitazamana kwa umbali wa meta 20.12.

(b) Mpigaji ni yule anayeshika gongo na kuilinda wiketi yake. Mtupaji humtupia mpira kutoka upande wa pili. Waliobaki katika timu ya mtupaji ni walinzi wa uwanja.

(c) Mkimbio ni alama moja inayopatikana wapigaji wawili wanapobadilishana pande kwa kukimbia. Mpira ukivuka mpaka wa uwanja kwa kubiringika, mpigaji hupewa mikimbio 4 bila kukimbia. Ukivuka bila kugusa ardhi hupewa 6.

(d) Ova ni mipira 6 iliyotupwa na mtupaji mmoja.

(e) Zamu ni kipindi cha timu kupiga. Katika timu ya wachezaji 11, zamu hukoma wapigaji 10 wanapotolewa, au nahodha anapoamua kuifunga. Neno hilo hutumika pia kwa kipindi cha mpigaji mmoja mmoja.

(f) Mwandishi wa alama huandika kila mpira. Mpira usioleta kitu huwekewa nukta. Wenye mikimbio huandikiwa tarakimu yake. Uliomtoa mpigaji huwekewa alama yake maalumu.

3. Mifano mitatu

Bristol, 1899

Mwezi Juni mwaka 1899, katika Chuo cha Clifton mjini Bristol, Uingereza, mabweni mawili yalishindana katika mechi ya wanafunzi wadogo. Mvulana wa miaka 13, A. E. J. Collins, alianza kupiga, na mechi iliendelea mchana wa siku kadhaa. Alicheza kwa muda wa karibu saa saba bila kutolewa na akapata mikimbio 628. Timu yake ilipata 836. Bweni la pili lilipata 87 katika zamu ya kwanza na 61 katika zamu ya pili, na Collins huyo huyo aliwatoa wapigaji 11. Hesabu yake ilibaki kuwa kubwa kuliko zote zilizowahi kuandikwa kwa mpigaji mmoja hadi mwaka 2016. Yeye mwenyewe hakuwa mchezaji wa kazi. Alikuwa askari, akauawa vitani Ubelgiji tarehe 11 Novemba 1914, akiwa na umri wa miaka 29.

Kuna jambo moja ambalo mwalimu anapaswa kulitia maanani. Husimuliwa kwamba mmoja wa waandishi wa alama wa mechi ile alikiri baadaye kuwa ile 628 huenda ikazidi au ikapungua kwa mikimbio kama 20. Jambo hili si la kuchekwa. Kijana mmoja akiandika kwa siku kadhaa, watu wakizidi kukusanyika na kelele zikizidi, ni nani asiyeweza kukosea? Tunajifunza kwamba kuandika alama nako ni kazi ya kufundishwa, na kwamba haifai kuachiwa mtu mmoja.

Bombay, 1988

Mwezi Februari mwaka 1988, katika mji wa Bombay ambao sasa huitwa Mumbai, ilichezwa nusu fainali ya Ngao ya Harris, shindano la shule la siku nyingi. Shule ya Shardashram Vidyamandir ilikuwa na mikimbio 84, wapigaji wake wawili wakiwa wamekwisha kutolewa. Hapo wavulana wawili wakakutana katikati ya uwanja: Sachin Tendulkar, mwenye umri wa miaka 14, na Vinod Kambli, mwenye miaka 16. Hawakutoka tena. Walipata pamoja mikimbio 664; Kambli 349 na Tendulkar 326. Timu ilifunga zamu ikiwa na 748. Upande wa pili ulitolewa kwa 145, na Kambli akawatoa wapigaji sita kwa mikimbio 37.

Watu wengi huishia hapo. Mwalimu aendelee kusoma kitabu cha alama hadi chini. Mpigaji aliyefuata katika orodha alikuwa mvulana wa miaka 13 aitwaye Amol Muzumdar. Alikwisha kufunga kinga zake za miguu, akakaa pembeni akingoja mmoja wa wawili wale atolewe. Alingoja hadi zamu ikafungwa. Katika mechi inayojulikana kuliko zote za wavulana wa shule nchini India, hakupigiwa hata mpira mmoja.

Tendulkar alichezea India tangu mwaka 1989 hadi 2013, na sifa zake zinajulikana duniani kote. Muzumdar alicheza kriketi ya daraja la kwanza kwa miaka ishirini hivi, akapata mikimbio 11,167, lakini hakupata kuitwa katika timu ya taifa. Mwaka 2023 aliteuliwa kuwa mwalimu mkuu wa timu ya wanawake ya India, na tarehe 2 Novemba 2025 timu hiyo ilitwaa Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza.

Mwalimu asije akadhani kwamba kungoja ndiko kulikomkuza Muzumdar. Alikuwa na kipaji kikubwa na alikuwa na mechi nyingine nyingi za kucheza katika mji ule wenye viwanja tele. Swali la kujiuliza ni hili: ni wavulana wangapi wengine, katika shule zenye kiwanja kimoja na mechi chache, waliofunga kinga zao wakangoja hivyo hivyo, kisha wasirudi kiwanjani tena? Hao hakuna kitabu kinachowataja.

Kalyan, 2016

Tarehe 4 na 5 Januari 2016, mjini Kalyan karibu na Mumbai, mvulana wa miaka 15 aitwaye Pranav Dhanawade, mtoto wa dereva wa bajaji, alipata mikimbio 1,009 bila kutolewa katika mechi ya shule. Alipigiwa mipira 327. Alivusha mpaka mara 129 kwa mikimbio 4 na mara 59 kwa mikimbio 6. Timu yake ilifunga zamu ikiwa na 1,465. Timu pinzani ilikuwa imepata 31 katika zamu ya kwanza. Ya pili ikapata 52.

Sifa za kijana huyu ni za haki: kusimama kwa saa nyingi na kupiga kwa uangalifu si kazi ndogo. Lakini magazeti ya wakati ule yaliripoti pia kwamba mpaka wa upande mmoja ulikuwa karibu mno, na kwamba wapinzani wake wengi walikuwa watoto wadogo kuliko yeye kwa miaka kadhaa, maana wanafunzi wakubwa wa shule yao hawakuachiliwa kucheza kwa ajili ya masomo. Watoto hao walikimbilia mpira siku mbili. Hawakujifunza kudaka, kwa kuwa mipira ilipita juu ya vichwa vyao. Wala hawakujifunza kutupa, kwa kuwa kila walichotupa kilirudishwa nje ya mpaka.

Kwa kijana mwenyewe, umaarufu ulikuwa mzigo. Chama cha Kriketi cha Mumbai kilimpa msaada wa fedha wa kila mwezi, naye alitazamiwa kufanya maajabu kila aingiapo uwanjani. Maajabu hayakuja, na mwaka 2017 familia yake iliomba msaada huo usimamishwe. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini hapa mgema hakutia maji. Waliomsifu ndio waliotaka mnazi mmoja ujaze mitungi ya kijiji kizima.

4. Mafunzo yanayotokana na mifano hii

Mifano hii inatupa kanuni nne.

Kwanza, tarakimu kubwa si ushahidi wa mafundisho mazuri. Yaweza kuwa ushahidi wa kipaji cha mtoto mmoja, au wa udogo wa wapinzani wake, au wa ufupi wa uwanja. Mwalimu apimwe kwa yale ambayo watoto wote wanayaweza mwishoni mwa msimu na ambayo hawakuyaweza mwanzoni.

Pili, timu zilingane. Pambano lisilolingana halimfundishi aliyeshinda wala aliyeshindwa. Aliyeshinda hakupata cha kumshughulisha. Aliyeshindwa hakupata nafasi ya kujaribu.

Tatu, mwenye mamlaka ya kufunga zamu ni mwalimu. Watu wazima huacha jambo hili kwa nahodha. Katika shule ya msingi nahodha ni mtoto, na mtoto anayefurahia kupiga hawezi kutazamiwa kukumbuka mwenzake anayengoja. Hata kule Bombay husimuliwa kwamba mwalimu msaidizi aliwapungia mikono wale wavulana wawili wafunge zamu, nao wakajifanya hawamwoni. Kanuni ya kuacha iwekwe kabla ya mchezo kuanza, si katikati.

Nne, kitabu cha alama kisomwe kutoka chini kwenda juu. Juu kuna majina ya waliofanya mengi. Chini kuna majina ambayo mbele yake hakuna kitu, na hayo ndiyo yanayomhitaji mwalimu.

5. Kupanga msimu wa majuma kumi

Tuchukue shule yenye wavulana 40 wa madarasa ya juu wanaotaka kucheza. Mpango ufuatao unaweza kutumiwa vile vile kwa wasichana, bila kubadili kitu.

(a) Vifaa. Si lazima vinunuliwe. Gongo laweza kuchongwa kwa ubao mwepesi, na vijiti vya wiketi kukatwa porini. Mpira wa ngozi wa kriketi ni mgumu sana na una uzito usiopungua gramu 155; usitumike kwa watoto wasio na kinga za miguu, mikono na kichwa. Mpira wa tenisi watosha. Umbali kati ya wiketi upunguzwe hadi meta 16 hivi, ili mtupaji mdogo aweze kuufikisha mpira.

(b) Timu. Wavulana wagawanywe katika timu nne za watu kumi kumi. Mwalimu asiwaachie manahodha kuchagua mmoja mmoja mbele ya wenzao, kwani yule atakayebaki wa mwisho ataukumbuka msimu huo kwa jambo hilo tu. Mwalimu mwenyewe awapange kwa uwezo, katika makundi manne manne, kisha kila timu ipate mmoja kutoka kila kundi.

(c) Aina ya mchezo. Itumike kriketi ya jozi, ambayo hutumiwa Uingereza kwa watoto wadogo. Kila timu huingiza wachezaji 8, yaani jozi 4. Kila jozi hupiga kwa ova 4 kamili, hata kama wapigaji wametolewa. Kila anapotolewa mmoja wao, timu hupunguziwa mikimbio 5, lakini mtoto haondoki, huendelea kujifunza. Upande wa pili, kila mchezaji hutupa ova 2. Kwa kuwa jozi 4 mara ova 4 ni ova 16, na watupaji 8 mara ova 2 ni ova 16, hesabu inakamilika: kila mmoja amepiga na kila mmoja amotupa. Ili hesabu isishuke chini ya sifuri na kuwavunja moyo watoto, kila timu huanza na mikimbio 200.

(d) Kazi ya wawili waliobaki. Katika kila timu ya watu kumi, wawili hawachezi siku hiyo. Mmoja ni mwandishi wa alama, wa pili ni mwamuzi msaidizi. Kwa hiyo kila mechi ina waandishi wawili, mmoja kutoka kila timu. Kila ova inapokwisha, waandishi hawa walinganishe vitabu vyao. Visipolingana, mchezo usiendelee hadi kosa lipatikane. Hivyo hatutakuwa na 628 yenye shaka.

(e) Ratiba. Timu nne zikicheza kila moja na kila nyingine, mechi ni 6. Zikirudiana, ni 12. Kila juma pachezwe mechi mbili, kila timu icheze mara moja. Majuma yatakuwa hivi:

Juma la 1 na la 2: kufundisha kutupa, kudaka, kushika gongo na kuandika alama.
Juma la 3 hadi la 5: mzunguko wa kwanza wa mechi.
Juma la 6: mapumziko ya mechi, mwalimu asome vitabu vya alama pamoja na watoto na kurudia mazoezi ya yale yaliyoonekana kuwa dhaifu.
Juma la 7 hadi la 9: mzunguko wa pili.
Juma la 10: tathmini na kufunga msimu.

Kila timu itakuwa na mechi 6. Nafasi za wasiocheza ni 2 kwa kila mechi, yaani 12 kwa msimu. Katika watu kumi, kila mmoja ataandika au kuamua angalau mara moja, na wawili watarudia. Wanane watacheza mechi 5 na wawili watacheza 4. Hakuna atakayemaliza msimu akingoja.

(f) Mtoto hodari kuliko wenzake. Mpango huu usimzuie. Mwalimu Ramakant Achrekar, aliyewafundisha wale wavulana wa Bombay, alikuwa na mbinu ambayo Tendulkar mwenyewe amesimulia mara nyingi. Mwishoni mwa mazoezi, mwalimu aliweka sarafu ya rupia moja juu ya wiketi. Mtupaji atakayemtoa Sachin ataichukua; wasipomtoa, ataichukua Sachin. Kwa sarafu moja watupaji wote walipata sababu ya kujitahidi, na mpigaji hodari akapata wapinzani walioamka. Nasi twaweza kufanya hivyo bila fedha: yatosha jina la aliyefaulu liandikwe ubaoni. La muhimu ni kwamba uhodari wa mmoja ugeuzwe kuwa kazi ya kujifunzia kwa wengi.

6. Kitabu cha alama darasani

Kitabu cha alama kikifungwa jioni, asubuhi kifunguliwe darasani. Ni kielelezo ambacho hakikugharimu kitu, na watoto wanakiamini kwa sababu wamekiandika wenyewe.

Hisabati. Tuchukue mfano wa jozi moja. Imepigiwa ova 4, yaani mipira 24. Imepata mikimbio 19, na imetolewa mara 2. Wanafunzi watoe 10 katika 19 wapate 9. Waulizwe: je, jozi iliyopata mikimbio 12 bila kutolewa imeisaidia timu zaidi au kidogo kuliko hii? Wataona kwamba mwenye kulinda wiketi naye hujenga. Haba na haba hujaza kibaba.

Wanafunzi wa madarasa ya juu wapewe hesabu ya Kalyan. Mikimbio 4 mara 129 ni 516. Mikimbio 6 mara 59 ni 354. Jumla ni 870. Ukitoa 870 katika 1,009 inabaki 139, ambayo ndiyo mikimbio iliyotafutwa kwa miguu. Sasa watafute mipira. Mara 129 na mara 59 ni mipira 188. Ukitoa 188 katika 327 inabaki mipira 139. Tarakimu mbili zimelingana: katika mipira isiyovuka mpaka, kijana huyu alipata kwa wastani mkimbio mmoja kwa kila mpira. Mwalimu aache darasa ligundue jambo hili lenyewe, asiliharakishe kulitaja.

Lugha. Kila mwandishi wa alama aandike taarifa ya mechi kwa sentensi kumi. Sharti liwe moja: amtaje angalau mchezaji mmoja ambaye hakupata mikimbio mingi, na aeleze kazi aliyoifanya. Sharti hili litamlazimisha atazame uwanja mzima.

Jiografia na historia. Darasa litafute katika ramani Bristol, Mumbai na Kalyan. Liulize kwa nini mchezo uliozaliwa Uingereza unachezwa na watoto wengi zaidi nchini India. Mwalimu aeleze njia za utawala na biashara zilizoupeleka huko na huku kwetu, bila kuficha kwamba zamani vilabu vingi vya mchezo huu viligawanywa kwa rangi na jamii. Kiwanja cha shule ya umma, ambapo watoto wote hucheza pamoja, ni jibu zuri kwa historia hiyo.

7. Tathmini

Mwishoni mwa msimu mwalimu atengeneze jedwali la majina yote 40. Mbele ya kila jina pawe na safu tano: amepiga mara ngapi, ametupa ova ngapi, amedaka mara ngapi, ameandika alama au kuamua mara ngapi, na amefanya nini ambacho juma la kwanza hakukiweza. Safu ya mwisho ndiyo iliyo ngumu kuijaza, na ndiyo yenye maana. Mwalimu asiyeweza kuijaza kwa ajili ya mtoto fulani atambue kwamba mtoto huyo hakuonwa, hata kama alihudhuria kila juma.

Jambo jingine la kuangalia ni mahudhurio. Timu iliyoanza na watu kumi ikamaliza na sita haikufundishwa vema, hata ikiwa imeshika nafasi ya kwanza. Kinyume chake, timu iliyoshindwa mechi zote sita huku watu wake kumi wakiwa bado wapo, tena wakiuliza msimu ujao utaanza lini, imefundishwa vizuri. Msimamizi wa shule huenda asilione hilo katika orodha ya ushindi, kwa hiyo mwalimu awe tayari kumwonyesha jedwali lake.

Tuzo nazo zitolewe kwa busara. Mcheza kwao hutunzwa, lakini atunzwe pia mwandishi ambaye kitabu chake hakikupata kosa, na mlinzi wa uwanja aliyezuia mipira mingi isivuke mpaka.

8. Maswali ya kujadili

1. Katika shule ya mazoezi uliyopangiwa, hesabu wanafunzi waliomo katika timu ya mchezo wowote. Ni wangapi walicheza katika mechi tatu zilizopita? Waliobaki walipewa kazi gani?

2. Una wavulana 30, kiwanja kimoja, na saa mbili kwa juma. Badili mpango wa sehemu ya tano ili kila mmoja apige na atupe angalau mara tatu katika msimu. Onyesha hesabu zako.

3. Mkuu wa shule anataka timu moja ya wachezaji 11 hodari ipelekwe katika mashindano ya wilaya. Utaiandaaje timu hiyo bila kuwanyima wengine msimu wao?

4. Ungekuwa mwalimu wa timu iliyokuwa ikishinda kule Kalyan, ungefunga zamu wakati gani, na ungewaambia nini wachezaji wako? Na ungekuwa mwalimu wa upande wa pili, ungewafundisha nini watoto wako siku ya tatu?

5. Andaa somo la hisabati la dakika 40 kwa kutumia ukurasa mmoja wa kitabu cha alama kilichoandikwa na wanafunzi wenyewe.